Nyonga ya Chuma na Kigoda cha Mama

Ukiambiwa nyonga yako imekwisha, swali la kwanza litakalokujia ni kama utakatwa mguu. Mimi niliuliza hivyo hivyo, mbele ya daktari kijana aliyekuwa ameinua picha yangu kwenye mwanga wa dirisha, naye akacheka kabla hajajizuia. Akasema hapana mama, mguu unabaki wako, tunakubadilishia kiungo tu. Nilimshukuru kwa adabu zote, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido nikalia mpaka mtandio ukalowa. Hiyo "tu" ilikuwa rahisi kwake kuisema.

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi kama lile sasa hivi. Mimi si mtaalamu. Ni fundi cherehani, nashona magauni na sare za kwaya kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Morogoro, na nimeshapita huko unakokwenda. Mambo ya kitabibu utaambiwa na wenye kazi yao. Mimi nitakusimulia yale yaliyonikuta nyumbani, maana huko ndiko nilikoumia mara ya pili, na kuumia kwa pili ndiko kulikonifundisha.

Ugonjwa wenyewe niliuona kwanza kwenye pindo. Masika ya mwaka ule nilijishonea gauni la Pasaka, na nilipolivaa likawa linaburuza upande wa kushoto. Nikalifumua, nikapima upya, nikashona. Likaburuza tena. Mama Shabnam, mwenye duka, mjane wa Kihindi ambaye baraza lake nimelikalia tangu wanangu wakiwa wadogo, alinitazama kutoka nyuma ya kaunta akaniambia nikapime macho. Nikalaumu kitambaa, nikalaumu mkasi. Haikunijia hata kidogo kwamba gauni lilikuwa sawa na mimi ndiye niliyekuwa nimefupika upande mmoja.

Maumivu yalikuwapo, lakini fundi cherehani huishi na maumivu. Mashine yangu ni ya kukanyaga, na mgongo na shingo nilishazizoea. Kinena kilipoanza kuuma nikakiweka kwenye fungu hilo hilo. Baadaye maumivu yakashuka pajani hadi gotini, na kila mtu akawa na dawa ya goti. Nilipaka dawa za goti masika nzima na kipupwe chote, na goti lenyewe lilikuwa zima kabisa.

Kiangazi kilipokolea nikawa siwezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Kanisani nikawa nasimama wenzangu wakipiga magoti, na kina mama wa jumuiya wakaanza kunitazama kwa pembe ya jicho. Msibani ndiko kulikokuwa na aibu hasa. Wanawake wote wako chini mkekani na mfiwa, mimi naomba kiti. Jirani mmoja aliniuliza kama nimekuja kama mgeni rasmi. Tulicheka wote, lakini nilipofika nyumbani sikula.

Baba Deo, mume wangu, hakusema kitu. Ni mtu wa Singida aliyekuja kijana kufanya kazi kiwanda cha nguo akabaki, na maneno yake ni machache tangu nimjue. Nilichoona ni kwamba tukienda kanisani alianza kutembea polepole. Mtu aliyekuwa akinitangulia hatua nyingi kwa maisha yetu yote sasa alikuwa anasimama kutazama miti ambayo ameiona miaka. Hapo nikajua kwamba naonekana.

Basi tukaanza safari za mabenchi. Benchi la hospitali ya mjini, la picha, la majibu, halafu rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Tulikwenda kwa treni ya umeme kwa sababu kwenye basi nisingeweza kukaa. Huko Dar nikakutana na benchi refu kuliko yote, limejaa watu wa magongo, na kila mmoja anajua ni nani aliyefika kabla yake. Kama wewe ni mtu wa haraka, acha haraka yako nyumbani. Chukua kitu cha kufanya kwa mikono. Mimi nilichukua vifungo na mashati, nikawa nashona vifungo, na kabla ya saa sita watu watatu walikuwa wamenipa makoti yao.

Kwenye benchi lile nilikaa na mzee mmoja wa Dumila, muuza vitunguu wa barabarani, aliyekwisha kufanyiwa nyonga moja na sasa amekuja kwa ya pili. Yeye ndiye aliyenitoa hofu. Alisimama mbele yangu, akapiga hatua za madaha kama bwana harusi, akarudi akakaa. Akaniambia kitakachonisumbua si kisu, ni watu wa nyumbani. Watanipenda mno, alisema, na mapenzi yao hayatakuwa yamesoma masharti. Nilidhani anatania tu.

Nikawekwa kwenye foleni. Masika nyingine ikapita nikisubiri, nikawa natembea kwa gongo moja, halafu mawili, na cherehani nikaifunika kitambaa. Nyumbani tukaanza kujiandaa. Deo, mwanangu wa kwanza, alikuja kutoka Dodoma akainua kitanda kwa matofali. Anjela, mdogo wake anayefanya kazi jikoni kwenye chuo cha Mazimbu na bado anakaa nasi, akaondoa mikeka yote sakafuni nisije nikateleza. Mama Shabnam akatuma vitu viwili vilivyokuwa vya marehemu mama mkwe wake: kiti kirefu cha mbao chenye mikono, na kiti cha kukalia chooni. Aliniambia, "Mama Deo, hiki cha choo usikirudishe. Hicho kingine nakitaka." Nilicheka nikashindwa kumshukuru vizuri.

Mama yangu mzazi tulimwambia kwa simu. Anaishi mlimani, juu ya Mlali, mahali ambapo gari linaishia chini na kilichobaki ni miguu yako. Hana simu, kwa hiyo kaka yangu Rogasi, anayelima jirani naye, humpelekea ya kwake. Nilimweleza kwa Kiluguru chetu kwamba wataondoa mfupa ulioharibika, wataweka wa chuma. 

"Hicho chuma," akasema, "huku kipupwe hakitapata baridi?"

Nikamwambia sijui, nitamuuliza daktari. Sikumuuliza. Kwenye chumba cha daktari swali la mlimani huonekana dogo, na ukishatoka nje unajuta.

Upasuaji ulifanyika mvua za vuli zilipoanza. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nikawa macho nusu, na kilichonikaa mpaka leo ni sauti ya nyundo. Wanagonga kama fundi anayetengeneza kitanda. Nesi alinishika bega akaniuliza nashona nini siku hizi, nami nikamweleza mshono wa mabega ya puto kuanzia mwanzo hadi mwisho huku wenzake wakinigonga. Kama utasikia nyundo, usiogope. Mtafute mtu wa kuongea naye.

Kesho yake walinisimamisha. Nilishika woka, kile kifaa cha miguu minne, na mtu wa mazoezi akasimama nyuma yangu. Mwili ulitetemeka, jasho likanitoka, lakini maumivu yale ya zamani, yale ya ndani, nikayatafuta nisiyaone. Nikatazama chini. Visigino vyote viwili vilikuwa vinagusa sakafu. Nililia tena, safari hii bila mtandio.

Yule wa mazoezi alinipa masharti, akanirudisha nyuma kila nilipokosea. Goti lisipande juu ya nyonga hata siku moja. Usikae chini, usikae kwenye kitu kifupi, usiiname kuokota. Usikunje nne. Vidole vya mguu visitazame ndani ukigeuka. Lala na mto katikati ya miguu. Ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, utangulie huu wa chuma. Alisema kiungo bado kigeni, nyama hazijakizoea, kinaweza kuchomoka. Baba Deo alikuwa amesimama pale anasikiliza midomo ikimcheza, anakariri kama mtoto wa komunyo.

Tulirudi Morogoro kwa treni nikiwa nimekalia mto. Wiki zile za kwanza zinanirudia kama siku moja ndefu. Baba Deo alinivalisha soksi za kubana kila asubuhi, kwa nguvu na kwa umakini, ulimi ukiwa nje kidogo. Alijifunza kupika ugali usio na mabuje. Anjela alinichoma sindano za tumboni, zile za kuzuia damu isigande, akiwa amefumba jicho moja. Tuligombana pia, usidhani. Nilimkaripia kwa chumvi, naye akanijibu kwamba wenye afya nao wanachoka. Akatoka nje kulia, nikabaki na sahani mapajani siwezi kumfuata.

Na kulikuwa na miguu yangu. Hili hakuna aliyenitayarisha nalo. Kwa kuwa huruhusiwi kuinama, miguu yako mwenyewe unaiona kwa mbali tu. Visigino vyangu vilipasuka, kucha zikarefuka, na vumbi la vidoleni likawa langu la kudumu. Baba Deo alinimwagia maji lakini haikumjia kusugua, nami niliona haya kumwambia mwanamume aliyenivalisha soksi kwamba bado kuna kingine. Nilimeza.

Siku chache kabla ya Krismasi mama alishuka mlimani. Alifika amebeba ndizi zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, maharage, pilipili manga ya uji, na kitu kimoja kimeviringishwa kwenye kanga. Alipokifungua nikakijua mara moja. Ni kigoda chake cha mti mwekundu, kimelainika kwa miaka. Juu ya kigoda kile ndipo aliponikanda nilipomzaa Deo, na juu yake aliponikanda nilipomzaa Anjela. Ukizaa, kwetu, mama yako hukuweka uani, hukumwagia maji ya moto na kukukanda kwa kitambaa kiuno, tumbo na nyonga, siku baada ya siku, mpaka mwili urudi mahali pake. Mzazi halalamiki kwamba maji ni moto. Huyapokea.

Kwake yeye hapakuwa na tofauti. Mwanawe amefunguliwa nyonga, ana uchungu, yuko ndani na kanga mbili. Ni kazi anayoijua. Baba Deo siku hiyo alikuwa amekwenda kanisani kupamba na wenzake, Anjela yuko kazini. Kidonda kilikuwa kimeshafunga. Mama alichemsha maji sufuria kubwa, akatandika gunia uani penye jua, akakiweka kigoda katikati, akaja kunichukua kwa mkono.

Nilijua. Nataka ulisome hili vizuri, wewe uliye kwenye benchi. Nilikuwa na masharti yote kichwani, ningeweza kuyaimba. Nilikiona kigoda kilivyo kifupi. Lakini alikuwa ametembea na kigoda kichwani mlima mzima, kwa umri ule, na mikono yake tayari ilikuwa inanuka ule moshi wa kuni ninaoujua. Sikujua namna ya kumwambia mama yangu kwamba maji yake siyataki. Nikasema moyoni, nitakaa kidogo tu, nitanyoosha mguu.

"Maji ni moto sana?" aliniuliza.

"Yanatosha, mama."

Na nitakuambia ukweli, yalikuwa matamu. Kwa muda mfupi ule nilihisi mwili wote unalegea, ukiwa umekazwa tangu vuli. Ndipo akaniambia niiname mbele apate kufika mgongoni, nami nikainama.

Nilisikia kitu kikigonga ndani. Kisha mguu haukuwa wangu tena. Uligeuka ndani wenyewe, ukafupika, na maumivu yaliyokuja sina la kuyafananisha. Nilianguka ubavu juu ya gunia. Mama alikaa chini akanikumbatia kichwa, anaita majirani kwa Kiluguru katika mtaa wa watu wa mikoa mingine ambao hakuna anayekisikia, mpaka mtu akaja kwa sababu ya sauti tu.

Hospitalini walinilaza usingizi, wakaivuta nyonga, wakairudisha mahali pake. Daktari aliniambia maneno machache yaliyonikaa kichwani mpaka leo: imerudi vizuri, lakini ikitoka tena huenda tukafungua upya, na kufungua upya si sawa na mara ya kwanza. Nikafungwa mkanda mgumu kiunoni hadi pajani, nikarudishwa nyumbani.

Mama alikuwa amenisubiri kwenye kona ya sebule, hajala. Baba Deo alinisaidia kuingia chumbani, akanilaza, akatoka. Nilimsikia kupitia ukuta. Mwanamume ambaye kwa desturi za mkwe hakuwahi hata kumtazama mama yangu usoni wakati wa chakula, siku ile alimsemesha.

"Mama, mwanao hakuzaa. Amepasuliwa. Kama hukujua, si ungeuliza?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Nilitaka kuita niseme ni mimi niliyejua na kukaa, lakini dawa ilikuwa bado nzito na maneno hayakutoka. 

Asubuhi nilifumbua macho nikamwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alikuwa amepiga magoti sebuleni kando ya kile kiti kirefu cha Mama Shabnam, ameshika mguu mmoja wa kiti, kichwa ameinamisha. Nikadhani anasali. Nikafumba macho nisimwingilie. Nilipofumbua tena alikuwa ameondoka, na kigoda chake.

Nilimweleza Baba Deo siku hiyo hiyo jinsi ilivyokuwa. Alisikiliza, akainuka, akaenda uani akakaa juu ya lile gunia muda mrefu. Akisha kusema, mtu mkimya hana namna ya kuyachanganya maneno yake na mengine yakapotea.

Krismasi tulimpigia mama. Rogasi alimpelekea simu, akarudi nayo. Tulipiga Mwaka Mpya, tukapiga masika ilipoanza. Kila mara alikuwa shambani, au amelala, au anaota moto na hawezi kuinuka. Mwishowe kaka alinieleza alivyomwambia. "Mwambie Prisca sitamgusa tena. Mikono yangu imezeeka, imeanza kuvunja." Rogasi akaongeza kwamba hata mjukuu aliyezaliwa kwa jirani alikataa kumwogesha. Yeye aliyeogesha watoto wa mlima mzima.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipobadilika. Mpaka siku ile nilikuwa natamani kurudi kwenye cherehani. Sasa nilitaka kitu kimoja: nifike mlimani kwa miguu yangu, aione, kabla hajafa akiamini hivyo. Na sikuweza, kwa sababu kila kiti kilikuwa adui. Niliogopa kukaa, niliogopa kuinuka, nikilala niliota kile kitu kikigonga tena ndani. Wiki nyingi nilikataa hata kutoka uani. Nilimwambia Anjela nangoja mvua iishe. Mvua ikaisha, nikamwambia nangoja matope yakauke.

Aliyeniinua ni Mama Shabnam, na hakuniinua kwa upole. Alikuja mwenyewe, akakaa kitandani kwangu, akanitazama, akasema kuna sare za kwaya nzima zimelala dukani na yeye hajui kushona, na wateja wanamuuliza kama nimekufa awape rambirambi. Kisha akaniambia kitu kingine polepole. Mama mkwe wake baada ya kuanguka alikaa kwenye kile kiti kirefu mpaka mwisho. "Hakuwa mgonjwa, Mama Deo. Aliogopa tu. Nilikupa kiti, sikukupa ile hofu yake."

Nikaanza. Kutoka mlangoni hadi geti. Geti hadi duka la mangi. Mguu mzima ukitangulia kupanda, wa chuma ukitangulia kushuka. Kipupwe kilipoingia woka ikawa gongo, gongo likawa fimbo. Nilirudi barazani kushona saa za asubuhi, nakanyaga kwa mguu mmoja, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufumua mapindo ya magauni yangu yote. Nilikuwa nimeyakunja upande kwa miaka miwili, na sasa nilikuwa nimenyooka. Daktari alipiga picha, akaigeuza huku na huku, akasema nyama zimeshika. Safari hii nikamuuliza lile swali la mama. Hakucheka. Akasema, hapana, mama, chuma kiko ndani ya mwili, kinapata joto lako.

Tulipanda siku ya baridi, mimi na Baba Deo. Gari la kukodi lilituacha juu ya Mlali, mahali barabara inapokata tamaa. Bodaboda walitufuata wakitubembeleza, nami sikuruhusiwa kupanda pikipiki, kwa hiyo niliwaambia nina nadhiri. Ukungu ulikuwa chini, matuta ya mbogamboga yanavuja umande, na kina mama waliokuwa wakishuka na matenga kichwani walinipisha njia na kunisalimu kwa Kiluguru. Wengine walinijua. Mmoja alinitazama fimbo, akanitazama miguu, akasema taratibu basi, mlima hauendi popote. Nilipumzika kwa kusimama, nikiegemea kingo za matuta, kwa sababu hakukuwa na kitu chochote cha kukalia ambacho si kifupi. Na hilo ndilo lililonitisha njia nzima. Nyumba ya mama naijua. Kuna kitanda cha kamba kilicholegea, mkeka, mafiga matatu na kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kumsalimia nikiwa nimesimama na kurudi nikiwa nimesimama.

Alikuwa mlangoni mwa jiko anachambua maharage. Aliniona nikiwa bado mbali, akaacha kuchambua, lakini hakuinuka. Alitazama miguu yangu tu, hatua kwa hatua, mpaka nikafika mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bado anatazama miguu. "Huo ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe."

Baba Deo alisimama nje ya uwanja kama mkwe anavyopaswa, na kitenge alichomnunulia amekishika kwa mikono miwili. Alivua kofia. Aliongea akitazama ardhi. "Mama, siku ile nilisema vibaya. Nilikuwa na hofu nikaitupia kwako. Naomba unisamehe."

Mama alijifuta mikono. "Hata mimi nilikuwa na hofu," akasema. "Pita ndani, baba, nje baridi."

Tuliingia jikoni. Macho yalipozoea moshi nikaona kwamba pale ukutani, palipokuwa pakikaa kuni tangu nizaliwe, palikuwa na kibaraza kipya cha mawe na udongo, kimesiribwa vizuri, kirefu, juu yake kumetandikwa mkeka uliokunjwa. Juu ya kibaraza, kwenye msumari, ilining'inia kamba ya mgomba iliyokauka, ina fundo.

"Kaa," alisema.

Nilisita. Nilisogea nikakipima kwa jicho la fundi, kisha nikakaa polepole, mkono ukutani. Magoti yangu yalikuwa chini ya nyonga. Kilikuwa na urefu ule ule wa kiti cha Mama Shabnam.

"Nilipima kiti chako siku ile ninaondoka," alisema. "Rogasi alikijenga kifupi mara ya kwanza. Nikamwambia avunje."

Niliitazama ile kamba nikakumbuka magoti yake kando ya kiti, nami kitandani nikidhani anasali. Kwa miezi yote ile tuliyokuwa tukipiga simu akikataa kuipokea, alikuwa ameninyanyulia mahali pa kukaa.  Nilimshika mkono, ule mkono aliosema unavunja, nikauweka juu ya kovu kupitia gauni. Alitaka kuutoa. Nikauzuia.

"Hakina baridi," nilimwambia. "Nilimuuliza daktari. Kinapata joto langu."

Aliuacha mkono pale kwa muda. Kisha akaushusha taratibu kwenye paja, gotini, hadi kwenye kisigino, na hapo mkono ukasita. Akaniinua mguu kidogo kuelekea mwanga wa mlango, akaugeuza.

"Prisca. Nani anakuosha miguu?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia siwezi kuifikia tangu vuli, na nimeona haya kuwaomba. Machozi yalinitoka kwa jambo dogo kama hilo, baada ya nyundo na sindano na mlima wote.  Mama alichochea kuni, akatenga sufuria, akachukua kitambaa. Halafu akakivuta kigoda chake chekundu, akakiweka mbele ya kibaraza, na safari hii akakaa yeye. Akatia miguu yangu yote miwili kwenye beseni, ule wa zamani na ule mpya, akaanza na visigino. Baba Deo alitazama pembeni, akajifanya anakagua paa.

"Maji ni moto sana?" mama aliuliza.

Nikamwambia aongeze.